Bikira Atoweka Dengu Zikiwa Motoni

Argyro alirudi kutoka kwa mwokaji saa moja asubuhi, nguo zikinuka moshi wa tanuri, akapita sebuleni kuongeza mafuta kwenye kandili ya Bikira, ile ikoni ya kale ya Maria iliyochorwa kwenye ubao, kama alivyofanya kila siku mwaka mzima. Kandili haikuwepo. Akainua macho. Bikira naye hakuwepo.

Ukelele wake ulifika mpaka bandarini. Kisiwa cha Livani, huko Ugiriki, ni kidogo, na kabla Argyro hajavuta pumzi ya pili, nusu ya watu walikuwa wameshajua na nusu nyingine walikuwa wanajua zaidi ya yeye.

Bikira wa Livani hakai kanisani. Kila mwaka anahamia nyumba moja, na mwenye nyumba anaitwa mtunzaji. Mlango wa mtunzaji haufungwi mchana, kandili yake haizimwi, na jirani anayetaka kusali, kupiga soga au kunywa kahawa ya bure anaingia bila kubisha. Mwaka ukiisha, mtunzaji anakilisha kisiwa kizima dengu za chungu, ikoni inabebwa kwa maandamano, na padri anauliza mbele ya watu nani atakayeichukua. Mkono wa kwanza kuinuka ndio unaoshinda. Mpaka akabidhi, mtunzaji haondoki kisiwani, hata jino limuume vipi.

Mwaka ule mtunzaji alikuwa Zannis, mume wa Argyro, na maandamano yalikuwa jioni hiyohiyo, saa kumi na mbili.

Sajini Evanthia, polisi pekee aliyebaki kisiwani baada ya mwenzake kwenda likizo, aliingia akitafuna mkate. Alipoona sura ya Argyro aliumeza bila kumaliza kutafuna.

"Hapa ndipo alipokuwa," Argyro alisema, akionyesha meza ndogo pembeni mwa sebule. "Ameegemea ukuta, kandili mbele yake."

Evanthia aliinama. Kitambaa cha darizi kilikuwa kimenyooshwa vizuri. Juu yake zilipangwa bangili za dhahabu, mikufu na vipande vya fedha ambavyo watu waliopona magonjwa huvitundika kwenye ikoni kwa utepe. Utepe wenyewe ulikuwa umekunjwa pembeni. Hakuna kilichopungua.

"Mwizi gani huyu," Evanthia alijisemea, "anaacha dhahabu, anabeba kandili ya glasi ambayo sokoni wanaitoa kama bakshishi?"

"Mara ya mwisho ulimwona lini?" akauliza kwa sauti.

"Saa kumi na moja alfajiri. Mimi na Zannis tulibeba vyungu vya dengu kupeleka kwenye tanuri. Nilipiga ishara ya msalaba, nikatoka."

"Kandili anaishughulikia nani?"

"Mimi peke yangu. Mama mkwe nilimkataza kugusa moto tangu alipochoma pazia wakati wa Krismasi. Chumbani kwake, mbele ya picha za watakatifu wake, nimemwekea kitaa cha umeme. Chekundu, kizuri. Hakipendi, lakini atafanyaje?"

Zannis, mwanamume mwenye mabega ya kubeba mlango, alikuwa amekaa kwenye kigoda na kichwa mikononi. "Hajawahi kupotea tangu enzi za mababu, aje apotee kwangu! Wataniita Zannis aliyempoteza Bikira mpaka nife, na nikifa wataandika kaburini. Mungu wangu, pengine sasa hivi wamemtupa ndani ya buti la gari, gizani, peke yake."

"Hayuko gizani, mwanangu," alisema mama yake kutoka mlangoni. Bibi Marouso alikuwa amesimama na mkongojo wake, nguo nyeusi, kitambaa cheusi kichwani. "Usijitie kiwewe."

"Nyumba mmeipekua?" Evanthia aliuliza.

"Yote," Zannis alijibu. "Vyumba vya wageni, makabati, banda la kuku."

"Na chumba cha Bibi?"

"Hicho nimekipekua mwenyewe," Bibi Marouso alisema. "Nimeinama mpaka mgongo umelia."

Evanthia aliitikia kwa kichwa. Katika Livani hakuna mtu anayekwenda kufungua kabati la mama wa miaka themanini na zaidi, hata akiwa na sare ya serikali.

Ng'ambo ya kichochoro, mbele ya kanisa, Padri Nektarios alikuwa na kiti chake na kikombe chake. Ndevu zake zilikuwa na makombo ya biskuti.

"Niko hapa tangu kabla ya saa kumi na moja," alisema. "Siku ya sikukuu silali. Mlango wa Zannis nimeutazama muda wote kwa macho haya mawili. Waliotoka na vyungu ni mtu na mkewe. Baadaye akatoka yule mgeni wao wa kupanga, Mdenmark. Kwapani alikuwa na kitu bapa, amekizungushia taulo."

"Bapa kiasi gani, Baba?"

Padri alipima hewani kwa mikono. "Kiasi cha Bikira," alisema, akapiga ishara ya msalaba.

"Na mwingine yeyote?"

"Mbuzi wa Pelagia. Yeye aliingia akatoka mikono mitupu."

Mdenmark mwenyewe alitokea saa mbili, akishuka kichochoroni taratibu, kitu chake kwapani. Alikuwa Bwana Torben, mwalimu mstaafu, mrefu, mwekundu kwa jua. Hakuwahi kufika mlangoni. Lefteris, binamu yake Zannis na mwenye hoteli kubwa kule ufukweni, alikuwa ameshawakusanya vijana kumi wa kumzunguka.

"Huyu hapa!" Lefteris alipiga kelele. "Siku mbili anampiga picha Bikira kutoka kila upande! Anauliza ana umri gani! Nani anauliza umri wa mwanamke kama hana nia mbaya?"

Evanthia aliwasukuma, akalichukua lile taulo, akalifungua. Ndani mlikuwa na mto wa kulalia.

"Amembadilisha!" Lefteris alisema. "Kamficha mahali, karudi na mto!"

Watu walinguruma. Evanthia alimpandisha mgeni ghorofani, akamkalisha kwenye baraza ya juu inayotazama uani, akampigia simu mkubwa wake kwenye kisiwa kikuu. Jibu lilikuwa fupi: mali ya kale, mgeni kutoka nje, usicheze. Kama ikoni haijapatikana kabla ya meli ya saa kumi na moja jioni, Mdenmark apakiwe, aletwe huko kuhojiwa.

"Bwana Torben," Evanthia alisema, akivuta kiti, "asubuhi na mapema ulikuwa unaupeleka wapi mto?"

Torben alikisema Kigiriki kama kilivyo kwenye vitabu vya shule. "Mheshimiwa Sajini, mimi nimeipanga likizo hii tangu majira ya baridi. Tangazo la Mama Argyro lilisema: kisiwa tulivu, hakuna kelele, utasikia mawimbi tu. Nimesikia kengele. Nimesikia punda. Nimesikia wanawake saba wakikata vitunguu chini ya dirisha langu na kucheka tangu jua lilipozama."

"Sikukuu," Evanthia alisema.

"Ni sikukuu nzuri sana. Lakini nilitamani kulala. Kwa hiyo niliuchukua mto nikatafuta mahali ambapo watu hawaongei."

"Wapi hapo?"

"Makaburini."

Evanthia aliuma mdomo asicheke. Mtu anaweza kupelekwa kizuizini kwa jambo kama hili. "Kuna mtu alikuona?"

"Hakuna aliye hai. Nilisahau huko miwani yangu ya kusomea."

Makaburi ya Livani yako juu ya kilima, na jua la Septemba lilimchoma Evanthia shingoni njia nzima. Aliiona miwani kwenye benchi ya marumaru, karibu na kaburi la mjomba wake Lefteris. Vijiti vya mvinje vilikuwa vimetapakaa kwenye benchi yote isipokuwa mahali pamoja palipolaliwa, parefu kama Mdenmark. Vijiti vya namna hiyo alikuwa ameviona vimenasa kwenye foronya ya ule mto. Lefteris akijua nani amelala karibu na mjomba wake, atazimia, Evanthia aliwaza, akajisikia mchangamfu kidogo.

Lakini furaha haikudumu. Kama Torben alibeba mto, na Padri hakuona mwingine, basi Bikira hakutoka kwa mlango wa mbele.

"Ukuta wa nyuma!" Zannis alisema aliposikia. "Lefteris! Mwaka jana nilimwahi kuinua mkono, akaniambia mbele ya watu, 'Tutaona mwakani.' Si ndiyo haya tunayoyaona?"

Lefteris alikuwa na ghala nyuma ya hoteli, na tangu wiki iliyopita alikuwa amelitia kufuli mbili. Alikataa kulifungua. Evanthia alimkumbusha kuhusu meza alizopanga ufukweni bila kibali, na kufuli zikafunguka zenyewe.

Ndani ya ghala, chini ya shuka, kulikuwa na kitu kirefu. Zannis alilivuta shuka kwa hasira. Kilikuwa kiti cha ikoni, cha mbao ya mzeituni, kimechongwa njiwa na zabibu, na kimezungushiwa taa ndogo za rangi. Lefteris, uso umemwiva, alibonyeza swichi. Taa zikaanza kukimbizana, kijani, nyekundu, buluu.

"Nilitaka kuinua mkono leo," alisema kwa sauti ya chini. "Nimweke mapokezi. Wageni wakiingia tu, wanamwona."

"Kama duka la simu," Zannis alisema.

"Zannis, mwache," Evanthia alisema. Mtu aliyejenga kiti hawezi kuwa amemwiba wa kukikalia siku ya kukabidhiwa. Lefteris aliihitaji sikukuu ile kuliko padri.

Walirudi nyumbani kwa Zannis saa saba, na Lefteris akawafuata, maana sasa alijiona mpelelezi. Evanthia alitaka kupekua upya, mwenyewe. Katika chumba cha mtu na mkewe aliinama uvunguni akayaona mabegi matatu, mapya, yamejaa.

"Mnasafiri?"

Argyro alishika shavu. "Keshokutwa. Gozo, huko Malta. Siku kumi."

"Gozo kuna nini?"

"Hakuna kitu! Ndiyo maana nimepachagua. Kisiwa kidogo, kimya, bahari, basi."

"Unasikia?" Zannis alimwambia Evanthia. "Watu wanatoka Denmark kuja kutafuta utulivu kwetu. Mke wangu anatoka kwetu kwenda kuutafuta kwa watu."

"Utulivu ni mahali ambapo sitandiki kitanda," Argyro alisema. "Cha mtu yeyote, hata changu. Maisha yangu yote nawapangia watu likizo, Evanthia. Huyu namtafutia chumba chenye kivuli, huyu hataki mbu, huyu anataka mto mgumu. Mimi mwenyewe sijui napenda mto gani. Hata siku moja hajatokea mtu wa kuniuliza."

Zannis alitazama sakafu. Ilionekana alikuwa analisikia hilo kwa mara ya kwanza, au kwa mara ya kwanza anasikiliza.

"Aha!" Lefteris alisema kutoka mlangoni. "Nauli ya Malta si mchezo. Kamuuza Bikira!"

"Lefteris, tumia akili hata ya kuazima," Evanthia alisema. "Mtunzaji haondoki kabla ya kukabidhi. Bikira asipopatikana, Argyro haendi Gozo, anabaki hapa anatandika vitanda. Katika kisiwa hiki, wa mwisho kumficha Bikira ni yeye."

Alipoyasema hayo, kitu kilimgonga kichwani, lakini hakikukaa vizuri bado. Aligusa begi la tatu. "Na hili?"

"La mama mkwe. Tunamshusha mjini, Piraeus, kwa wifi yangu Kaliroi mpaka turudi."

Evanthia alifungua zipu. Juu kabisa lilikunjwa koti la baridi, la sufu nzito, jeusi. Nje kuku walikuwa wanahema midomo wazi kwa joto. Alifunga zipu.

Bibi Marouso alikuwa uani chini ya mlimau, akichambua mrehani wa kupambia ikoni. Evanthia aliketi kando yake kwenye kigoda.

"Tangu alfajiri uko hapa, Bibi?"

"Niende wapi na miguu hii?"

"Nani alipita mlango wa nyuma?"

"Paka."

"Wa nani?"

"Sikumuuliza."

Evanthia alitabasamu. "Piraeus unapapenda?"

Vidole vya Bibi vilisimama kwenye majani. "Ghorofa ya nne. Dirisha linatazama dirisha. Nikimsalimia jirani, jirani anavuta pazia. Kaliroi anatoka asubuhi, anarudi usiku, mimi na televisheni tunaangaliana."

"Siku kumi tu, Bibi."

"Ndivyo wanavyosema."

"Na mwaka huu hapa?"

"Mwaka huu!" Uso wa Bibi ulichanua. "Binti yangu, kila jioni sebule inafurika. Huyu na habari za mumewe, huyu na goti lake, yule anaimba. Nilikuwa nimesahau kwamba nina sauti. Hata wewe ulikuja, ukakaa, ukala biskuti zangu sita."

"Nne."

"Sita. Na mwaka juzi, kabla Bikira hajahamia kwetu, ulikuja kuniona mara ngapi?"

Evanthia aliona aibu. Aliinuka akapanda kwenye baraza ya juu kumrudishia Torben miwani yake.

Mgeni aliipokea kwa heshima zote. "Asante sana. Naomba kuuliza jambo la utamaduni. Kwa nini Bibi amemwaga mafuta mazuri?"

"Mafuta gani?"

"Mlipokwenda kwa Bwana Lefteris. Alitoka chumbani kwake na glasi ndogo, akamwaga mafuta ya zeituni pale, nyuma ya mlimau, pembeni ya ukuta. Akaipangusa glasi kwa karatasi, akaichoma karatasi pamoja na kamba fupi kwenye jiko la mkaa. Kisha akarudi ndani na chupa. Nilidhani labda amekosea chakula."

Evanthia alishika mkono wa kiti. Torben alimtazama kwa wasiwasi, akidhani ameuliza jambo baya.

"Bwana Torben," alisema, "umeuliza swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa leo."

Saa kumi kamili aliwaita wote uani. Sufuria kubwa ya mchuzi ilikuwa inachemka, na wale wanawake saba wa vitunguu walikataa kuondoka, kwa hiyo walibaki. Padri alikuja na kiti chake. Lefteris alisimama mikono kifuani, Zannis na Argyro wameshikana mikono. Bibi Marouso hakuacha mrehani wake.

"Tuanze na mto," Evanthia alisema. "Bwana Torben alilala makaburini. Miwani yake nimeikuta huko, na vijiti vya mvinje viko kwenye foronya."

"Kwenye kaburi la nani?" Lefteris aliuliza.

"Hilo tutaongea wewe na mimi. Padri hakuona kingine kikitoka mbele. Kwa hiyo Bikira alitoka nyuma, au hakutoka kabisa. Sasa mtazameni mwizi wetu. Anaacha dhahabu, na haitupi tu, anaipanga juu ya kitambaa. Anabeba kandili. Mwizi wa mali hana haja na kandili. Anayeihitaji ni mtu ambaye hawezi kumweka Bikira mahali pasipo na mwanga, hata akiwa anamwiba."

Hata vitunguu vilisimama.

"Leo mchana mtu amebadilisha mafuta. Ya zamani hakuyamwaga kwenye shimo la maji machafu. Aliyamwaga nyuma ya mlimau, mahali mguu haukanyagi, na utambi akauchoma. Sote tumefundishwa hivyo na bibi zetu. Mafuta ya mbele ya ikoni hayatupwi ovyo. Ila katika nyumba hii, nje ya sebule, hakuna kandili ya mafuta. Argyro mwenyewe aliniambia. Kuna kitaa cha umeme, chekundu, kizuri."

Argyro aliuachia mkono wa Zannis.

"Nilijiuliza nani anapata faida Bikira asipokabidhiwa. Si Lefteris, anamtaka leo. Si Argyro, anataka kwenda Gozo. Anayefaidika ni yule ambaye hataki safari hii itokee. Na asubuhi, Zannis alipolia kwamba Bikira yuko gizani, mtu mmoja alimjibu kwa hakika kabisa kwamba hayuko gizani." Evanthia alimgeukia kwa upole. "Bibi, tunaomba kuingia chumbani."

Bibi Marouso aliweka chini mrehani. "Vueni viatu," alisema. "Nimepiga deki."

Bikira alikuwa nyuma ya mlango, juu ya kiti, ameegemezwa kwenye mto mweupe wenye darizi, mto wa harusi ya Bibi mwenyewe. Mbele yake kandili ilikuwa inawaka. Kitaa chekundu kilikuwa kimechomolewa na kutiwa ndani ya soksi.

"Mama!" Zannis alisema. "Wewe?"

"Ningemwacha gizani?" Bibi alisema kwa ukali. "Mimi ni mwizi, si mpagani."

"Lakini kwa nini? Mgeni wa watu karibu apakiwe kwenye meli!"

"Hilo sikuliwaza. Nisamehe, baba," alimwambia Torben, aliyeinama akaweka mkono kifuani. Halafu Bibi akamgeukia mwanawe, na machozi yakaanza kumtoka bila haya. "Nilifungua begi. Mnasema siku kumi. Siku kumi, na koti la baridi? Mama haambiwi kwamba anahamishwa, anafungiwa koti. Nikasema, Bikira akiondoka na mimi naondoka. Basi asiondoke."

Argyro alipiga magoti mbele ya mama mkwe wake, akamshika mikono yote miwili. "Mama! Koti ni kwa ajili ya kiyoyozi cha Kaliroi! Umesahau mwaka ule? Binti yako anaishi ndani ya friji! Ulirudi na kikohozi mpaka Pasaka!"

Bibi Marouso alimtazama. "Kiyoyozi?"

"Kiyoyozi, Mama. Ningekutupa vipi? Nani atanigombeza?" Argyro alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Lakini sikukuuliza kama unataka kwenda. Hilo ni kosa langu. Nilikupanga kama ninavyowapanga wageni, na wageni huwa nawauliza hata mto."

Padri Nektarios alikohoa. "Kumficha Bikira ni dhambi, Marouso. Utapiga magoti mara hamsini."

"Kwa magoti haya?"

"Basi utakula dengu bila kitunguu."

"Hamsini yako ilikuwa nafuu," Bibi alisema, akipangusa macho.

Evanthia alimpigia simu mkubwa wake akamwambia ikoni imepatikana ndani ya nyumba ya mtunzaji, haikutoka nje, na kandili yake inawaka. Kila neno lilikuwa kweli.

Saa kumi na mbili kengele zilipigwa, na Bikira akapita vichochoroni amepambwa mrehani, dhahabu zake zikilia kwenye utepe. Torben alipewa heshima ya kubeba fanusi ya mbele, akaibeba kama mtu aliyeshikishwa mtoto mchanga. Mbele ya kanisa Padri aligeuka akauliza, kwa sauti ya siku ile tu, "Nani atampokea?"

Lefteris alirekebisha tai. Alivuta pumzi. Mkono wake ulikuwa umefika usawa wa sikio wakati mkongojo mweusi ulipopaa angani, ukaipita kofia yake.

"Mimi," alisema Bibi Marouso.

"Mama," Zannis alinong'ona, "mwakani nani atapika kwa kisiwa kizima?"

Bibi alimtazama Argyro. Safari hii alikuwa anauliza.

"Nitapika," Argyro alisema. "Tutapika wote. Ila kwanza niacheni nikalale."

Lefteris alishusha mkono. Kesho yake alileta kile kiti cha mzeituni kwa punda, mwenyewe, bila kuombwa. Taa za rangi Bibi alizikubali kwa sharti kwamba zisikimbie.

Argyro na Zannis walipanda meli na mabegi mawili. Jioni ya tatu Argyro alipiga simu kutoka Gozo, kutoka kwenye kiti cha kivuli mbele ya bahari isiyo na mtu. Alitaka kusema kwamba amejua sasa, anapenda mto laini. Alitaka pia kuuliza kama Mama amekula, na kama hajihisi mpweke.

Simu ililia sana. Ilipopokelewa, nyuma kulikuwa na vicheko, vikombe, mtu anaimba, na Sajini Evanthia akibishana kuhusu idadi ya biskuti.

"Mama, uko salama?"

"Nani? Argyro? Nipigie kesho, mwanangu," Bibi Marouso alipaza sauti. "Nina wageni."